Kisu cha Chuma cha Poda: Chagua Kinoo Kwanza

Umekiona mtandaoni. Kisu kizuri, mpini umekaa, na kwenye bapa pameandikwa ZDP-189 au HAP40. Bei yake inanunua visu kadhaa vya kawaida na chenji inabaki. Muuzaji anaapa kwamba kitakata miezi bila kunolewa. Subiri kidogo kabla hujalipa.

Chuma cha poda ni kizuri kweli. Kinatunza makali kuliko chuma cha kawaida, na tofauti utaiona mwenyewe. Lakini kadiri kinavyozidi ugumu ndivyo masharti yanavyoongezeka: ubao unaofaa, mkono mtulivu, na kinoo ambacho huenda huna. Fuata hatua hizi, pesa yako iende kwenye kisu utakachokitumia kila siku, si kitakachobaki kwenye boksi lake.

Jua unanunua nini

Chuma cha pua cha kawaida humiminwa kikiwa kimeyeyuka, kisha kikaachwa kipoe taratibu. Kinapopoa, kaboni hushikana na kromi, vanadi na wenzake, zikatengeneza chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Zikipata muda hukua na kujirundika. Ni kama kokoto kwenye zege: zikiwa kubwa na zimelundikana upande mmoja, ufa huanzia hapo.

Chuma cha poda hakipewi muda huo. Kikiwa kimeyeyuka, hupulizwa kwa gesi ya nitrojeni yenye nguvu, kikatawanyika kuwa matone madogo yanayoganda papo hapo. Poda hiyo hufungiwa ndani ya kopo la chuma, halafu kopo hukandamizwa kutoka pande zote kwa joto la nyuzi 1,150 hivi na mgandamizo wa takriban baa 1,000. Inatoka ikiwa imeshikana, tayari kufuliwa na kunyooshwa. Teknolojia hii iliingia viwandani mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani kupitia kampuni ya Crucible, na Uswidi pia.

Unachopata wewe ni kabaidi ndogo sana, zimesambaa sawasawa. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuongeza kaboni na vanadi nyingi bila chuma kuwa cha kuvunjika ovyo. Nadharia ya chuma inaishia hapo. Sasa kazi.

Andika unachokata

Chukua karatasi. Orodhesha vitu kumi ambavyo kisu chako kitakata mara nyingi. Andika unavyokata kweli wiki nzima, siyo unavyotamani kukata.

Sasa vigawe makundi matatu. La kwanza ni vitu laini: steki, samaki asiye na mifupa, nyanya, vitunguu, sukuma wiki. La pili ni vitu vinavyokwaruza: makatoni, kamba, zulia, magunia. La tatu ni vitu vya kishindo: mifupa, nazi, nyama iliyoganda, kuni, miwa.

Kama orodha yako imelalia kundi la kwanza, chuma kigumu mno kinakufaa. Ikilalia la pili, tafuta chuma chenye vanadi nyingi, hata kama ugumu wake ni wa kati. Ikilalia la tatu, acha kabisa vyuma vigumu mno. Nunua panga au shoka zuri, pesa itakayobaki nunua mbuzi ya kukunia nazi.

Wengi wana mchanganyiko. Usitafute kisu kimoja cha kufanya yote. Kisu kigumu cha kukata laini na panga la kishindo ni bora kuliko kisu kimoja ghali kinachomeguka kila wiki.

Isome HRC vizuri

HRC ni kipimo cha ugumu cha Rockwell. Ncha ya almasi husukumwa kwenye chuma, na kina inachozama ndicho kinachotoa namba. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya viko kati ya 55 na 58. Vya chuma cha poda vya kawaida viko 60 mpaka 64. Kuanzia 65 kwenda juu ndiko tunakosema ni kigumu mno, na kuna aina zinazokaribia 70.

Namba hiyo inakuambia jambo moja kubwa: makali yatapinda kirahisi au hayatapinda. Makali magumu yanaweza kuwa membamba na bado yakasimama. Lakini HRC haikuambii yatasagika kwa kasi gani. Kisu cha S90V chenye HRC 60 kitakata makatoni muda mrefu kuliko kisu cha chuma sahili cha kaboni chenye HRC 64. Kinachokibeba ni kabaidi za vanadi.

Haikuambii pia kama makali yatameguka. Kwa chuma kilekile, kupanda pointi moja au mbili huwa ni kupunguza uwezo wa kuvumilia kishindo. Kwa hiyo usilinganishe visu viwili kwa HRC peke yake.

Ukiona tangazo limeandika "mpaka 70", uliza swali moja: kisu hiki chenyewe kina HRC ngapi? Kiwango cha juu ambacho chuma kinaweza kufika si lazima kiwe kwenye kisu unachouziwa. Mtengenezaji makini atakupa masafa mafupi, mfano 64 hadi 66. Asiyejua namba ya kisu chake, mpite.

Kagua elementi nne

Kila chuma kina mchanganuo wake, na viwanda vinauweka wazi. Tafuta jina la chuma, kisha angalia kaboni, kromi, vanadi na nitrojeni. Hizo nne zinakutosha.

Kaboni ndiyo inayoleta ugumu. Karibu asilimia 1 hadi 2 ni kawaida kwa chuma cha poda cha matumizi ya kila siku. Ukiona asilimia 3, kama ilivyo kwa ZDP-189 ya Japani, jua umeingia eneo la vigumu mno.

Vanadi ndiyo inayopigana na kusagika. Asilimia 3 au 4 inanoleka bila vita. Asilimia 9 na kuendelea, kama S90V, K390 au CPM 10V, utahitaji vinoo maalumu na subira.

Kromi ndiyo inayozuia kutu, lakini hapa ndipo wengi wanapotea. Usihesabu kromi yote. Ile iliyonaswa ndani ya kabaidi haikulindi. Inayolinda ni iliyobaki huru ndani ya chuma chenyewe. ZDP-189 ina kromi asilimia 20, lakini kaboni yake nyingi inanasa sehemu kubwa, hivyo inashika madoa kuliko unavyotarajia. CPM MagnaCut ina kromi chini ya asilimia 11, na bado inazuia kutu vizuri kuliko vyuma vingi vyenye kromi nyingi. Mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas aliibuni ili kromi ibaki huru, na ilitoka mwaka 2021.

Nitrojeni ikichukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni, kutu inapata shida. Mfano ni Vanax ya Uddeholm, Uswidi: kaboni yake haifiki hata asilimia nusu, nitrojeni ni zaidi ya asilimia 1.5.

Ukiishi pwani, anza na kutu

Kama uko Tanga, Lamu, Pemba au Bagamoyo, upepo wa chumvi unaingia mpaka droo ya jikoni. Kwa mvuvi na mpishi wa hoteli ya ufukweni, kutu ni swali la kwanza, ugumu ni la pili.

HAP40, K390, CPM 10V, Maxamet na Rex 121 si vyuma visivyoshika kutu. Ukikata limau ukaacha kisu kwenye sinki, ukirudi utakuta doa. Kwenye makali, doa hilo lina maana zaidi ya sura: ukingo mwembamba huliwa na kutu haraka, ukawa butu bila kukata chochote.

Ukivipenda vyuma hivi, kuna njia ya katikati. Visu vingi vya Japani huwekewa moyo wa chuma kigumu katikati, na pande mbili zinafunikwa kwa chuma cha pua laini. Hapo kinachobaki wazi ni ukingo tu. Unafuta ukingo, kazi imekwisha. Uliza kama kisu kimefunikwa, na kimefunikwa kwa chuma gani.

Hutaki kufutafuta? Nenda MagnaCut, Vanax au M390.

Orodha fupi ya kuanzia

Majina ni mengi na yanachanganya. Anza na haya.

Kwa jikoni na unaanza: SG2, ambayo pia huuzwa kwa jina la R2. Ni ya Japani, HRC 62 hadi 64, inakata vizuri sana na inanoleka. Wauzaji wengi huyachukua majina hayo mawili kama chuma kimoja.

Kwa kisu cha mfukoni cha kila siku: M390, Elmax au S30V. M390 ya Böhler, 20CV iliyotoka Crucible na CTS-204P ya Carpenter zina mchanganuo unaokaribiana sana. Usiongeze pesa kwa sababu ya herufi.

Kwa maji, chumvi na mvua: MagnaCut au Vanax.

Kwa makatoni na kamba ghalani: S90V au K390. Zinachoka polepole sana. Na kuzinoa nako ni polepole.

Kwa kazi yenye kishindo kidogo, porini au shambani: CPM 3V au Vanadis 4 Extra. Ugumu wake ni wa wastani kwa familia hii, lakini zinavumilia. Hata hivyo, hazichukui nafasi ya panga.

Kwa anayetaka kigumu mno: ZDP-189 na HAP40 kwa jikoni, HRC 64 hadi 67 hivi. Maxamet na Rex 121 kwa kisu cha kukata vitu laini tu, kuelekea 70. Hizi mbili za mwisho usizifanye kisu chako cha kwanza cha chuma cha poda.

Unatoa minofu ya sangara au changu kwa kisu kinachonesa? Usipande juu ya HRC 62. Kisu cha minofu kinapinda kikifuata mfupa wa mgongo, na chuma kigumu mno hakipendi kupindwa.

Uliza nani alikipa moto

Jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni moto: kilipashwa kwa joto gani, kikazimishwa vipi, kikarudishwa motoni mara ngapi. S30V yenye HRC 58 na S30V yenye HRC 61 ni visu viwili tofauti, ingawa maandishi kwenye bapa ni yaleyale.

Vyuma vigumu mno vinataka tanuri linaloshika joto bila kuyumba, mara nyingi juu ya nyuzi 1,100, kisha kupozwa haraka. Baadhi huingizwa kwenye baridi kali sana kabla ya kurudishwa motoni. Joto likikosewa kidogo tu, unapata kisu laini au kisu kinachovunjika.

Kwa hiyo usinunue kipande cha chuma cha poda ukampelekea mhunzi wa mkaa na mivukuto. Hata awe fundi wa sifa, moto wa mkaa hauwezi kudhibitiwa hivyo. Mhunzi wako mpe springi ya gari. Hiyo anaijua, na atakutolea kisu au panga la maana.

Ukinunua kisu kilichokamilika, tafuta mtengenezaji anayetaja HRC, anayeeleza kwamba chuma kilipozwa kwenye baridi kali pale inapohitajika, na anayekubali kurudishiwa kisu kikimeguka kwa matumizi halali. Mambo hayo matatu yana thamani kuliko picha nzuri.

Pima unene wa ukingo

Kisu kinakata kwa umbo lake kabla ya chuma chake. Kisu kinene cha Rex 121 kitapasua karoti. Kisu chembamba cha SG2 kitaikata.

Uliza unene wa bapa juu kidogo tu ya makali, pale mnoo (mteremko wa makali) unapoanzia. Kwa kisu cha jikoni cha vitu laini, milimita 0.2 hadi 0.4 ni nzuri. Kwa kisu cha mfukoni, 0.4 hadi 0.6. Kikizidi hapo, ugumu unaoulipia hutausikia mkononi.

Kisha uliza pembe ya mnoo. Kwa chuma kigumu jikoni, digrii 12 hadi 15 kila upande. Kwa makatoni na kazi mchanganyiko, 17 hadi 20. Kikianza kumeguka, usikilaumu mara moja: ongeza digrii 2 unapokinoa tena uone. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Nunua kinoo kabla ya kisu

Hii ndiyo mbinu inayookoa pesa kuliko zote. Kabaidi ya vanadi ina ugumu wa takriban 2,800 kwa kipimo cha Vickers. Kinoo cha kawaida cha oksidi ya alumini kiko karibu 2,000. Maana yake kinoo chako kinakula chuma laini kinachozunguka kabaidi, lakini juu ya kabaidi zenyewe kinateleza. Utasugua mpaka mkono uchoke, na kisu kitang'aa bila kukata.

Kinachokata kabaidi hizo ni almasi au CBN (nitridi ya boroni). Nunua bamba la almasi lenye namba 400 na lingine la 1000. La kwanza linarudisha umbo, la pili linaweka makali. Ongeza mkanda wa ngozi na dawa ya almasi ya kupaka ili umalizie. Hapo umekamilika kwa miaka.

SG2 na nyingine zenye vanadi kidogo zinakubali vinoo vizuri vya maji vya Kijapani. ZDP-189 nayo inakubali, kwa sababu kabaidi zake nyingi ni za kromi, ambazo ni laini kuliko za vanadi. Lakini kwa almasi kazi inakwenda haraka zaidi.

Bajeti haitoshi kisu na vinoo? Shuka daraja moja la kisu, ununue vyote viwili. Kisu cha kawaida kilichonolewa kitakishinda kisu ghali kilicho butu, leo na kesho.

Noa hivi

Lowanisha bamba kwa maji kidogo. Weka kisu kwenye pembe yako, ukisukume kama unataka kukata kipande chembamba cha bamba lenyewe. Usikandamize. Almasi inakata kwa uzito mdogo. Ukikandamiza unang'oa chembe za almasi na unaacha mikwaruzo mirefu kwenye makali.

Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili utokee ukingo mdogo unaokwaruza. Uupapase kwa kidole gumba, ukitoka mgongoni kwenda nje ya makali, usipitishe kidole kando yake. Ukiusikia urefu wote, kuanzia kisigino hadi ncha, geuza kisu. Usipousikia mahali fulani, hapo hujafika bado.

Geuza, fanya vilevile. Hamia bamba la 1000, punguza uzito wa mkono kila baada ya mipito michache, ukibadilisha upande kila pito. Malizia kwenye ngozi, kisu kikirudi nyuma, makali yakifuata.

Sasa washa taa ya simu. Elekeza makali juu, uyaangalie moja kwa moja chini ya mwanga. Makali yaliyokamilika hayaonekani: hakuna mstari, hakuna nukta. Ukiona nukta nyeupe inang'aa, hapo pamelala au pamemeguka. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito, urudi kwenye bamba mpaka wino uishe.

Usisubiri kiwe butu kabisa. Kisu cha HRC 66 kikifa makali, kukifufua ni kazi ya jioni nzima. Ukikipitisha kwenye bamba la 1000 mara tu kinapoanza kuteleza juu ya ngozi ya nyanya, ni dakika chache.

Kaa mbali na cherehe

Fundi wa kunoa anayepita mtaani ni rafiki wa panga na kisu cha kawaida. Kisu chako cha chuma cha poda usimpe. Cherehe kavu inarusha cheche, na cheche maana yake joto. Ukingo ni mwembamba, unapata moto kwa sekunde chache. Vyuma vingi vyenye kromi nyingi vilirudishwa motoni kwa nyuzi joto zisizozidi 250, kwa hiyo joto la cherehe linaweza kuvifanya laini palepale kwenye makali. Ugumu ulioulipia unaisha, na huwezi kuuona kwa macho.

Kama lazima utumie mashine, iwe ya maji na iende taratibu.

Ule mchi wa chuma wenye mistari, unaouona kwenye bucha, nao uache. Umetengenezwa kunyoosha makali laini yaliyopinda. Makali magumu hayapindi, yanameguka, na mistari ile inayamegua zaidi.

Badilisha ubao na mazoea

Tumia ubao wa mti au plastiki laini. Kioo, marumaru, sahani ya udongo na kigae ni adui. Mkato mmoja juu ya sahani unatosha kulaza makali ya kisu chochote, na kwa kigumu mno unatosha kuyamegua.

Kata kwa kwenda mbele na nyuma. Usikate kwa kupigiza, usikizungushe kikiwa ndani ya kitu. Kisu kikinasa kwenye boga, kichomoe kwa njia kiliyoingilia, usikisokote.

Kukusanya vitunguu ubaoni, tumia mgongo wa kisu. Wapishi wengi wanakwangua kwa makali, na hapo ndipo makali mengi hufia.

Kioshe kwa mkono, kikaushe hapohapo, kiweke kwenye ala au ubao wa sumaku. Droo yenye vijiko inakigonga kila ukiifungua. Na mweleze kila mtu nyumbani: kisu hiki si cha kufungulia kopo wala kutenganisha nyama iliyoganda.

Usiuziwe majina

Sokoni kuna visu vingi vyenye maandishi ya Kijapani na namba 67. Soma tena. Mara nyingi hiyo 67 ni idadi ya matabaka ya chuma, siyo HRC. Na chuma cha katikati mara nyingi ni VG10, ambacho ni chuma kizuri lakini si cha poda.

Mawimbi mazuri kwenye bapa nayo hayasemi lolote kuhusu makali. Mengine ni matabaka halisi, mengine yamechorwa kwa asidi au leza. Kinachokata ni moyo wa katikati. Uliza moyo ni chuma gani.

Bei ikiwa ya kutupa na jina ni la chuma ghali, hesabu haikubali. Chuma chenyewe ni ghali kukitengeneza, kinamaliza mikanda ya msasa kiwandani, na kinataka tanuri zuri. Hakuna anayekupa vyote hivyo kwa bei ya kisu cha mnadani.

Na ukiagiza kwa ndugu aliye nje, mwambie akiweke kwenye begi la kupakia mizigoni, kimefungwa vizuri. Kwenye begi la mkononi kitaishia uwanja wa ndege.

Amua

Huna vinoo vya almasi na huna mpango wa kuvinunua? Chukua kisu cha kawaida cha HRC 58, ukinoe kila wiki. Hutajuta.

Unapika kila siku, unakata laini, uko tayari kujifunza kunoa? Chukua SG2 ya HRC 62 au 63. Hiki ndicho kinachowafaa watu wengi.

Uko pwani au majini? MagnaCut.

Tayari unanoa kwa almasi, unatumia ubao wa mti, na hakuna mwingine anayekigusa kisu chako? Hapo ZDP-189 au HAP40 itakulipa. Ukivimudu hivyo, ndipo ufikirie Maxamet na Rex 121.

Wiki hii nunua bamba la almasi na unoe kisu ulicho nacho tayari. Ukiweza kukipitisha kwenye ngozi ya nyanya kwa uzito wake tu, uko tayari kwa chuma cha poda. Usipoweza, tatizo lako si chuma, na kisu ghali hakitalimaliza.